Njata Ameonekana Ruiru

Mwaura,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hivyo naanza na yangu. Mimi mzima. Nakula, nalala, nashona. Watu wananiangalia kama sufuria iliyo motoni, wakingoja ichemke, na mimi sichemki. Wale akina mama wa kanisa la Maitu, mama yetu, walikuja muda mfupi baada ya mazishi, wakaketi, wakaimba nyimbo zote za huzuni wanazozijua. Mmoja alinishika mkono na kunibinya kila mwisho wa ubeti. Nami nilikuwa nafikiria mapazia ya mama mmoja wa Kahawa Sukari ambayo sikuwa nimeyatia pindo. Walipotoka nilimsikia mmoja akimwambia Maitu huko nje, "Huyu msichana, mumuangalie." Basi wananiangalia.

Jina lako nalo limepata cheo. Sasa unaitwa marehemu Mwaura, vile mtu anavyoitwa daktari au mheshimiwa. Hata Maitu anakuita hivyo akiongea na wageni. Mimi bado. Mteja akiuliza uko wapi, namwambia, "Hayuko." Akiuliza utarudi lini, namwambia sijui, na huyo anaenda zake akidhani umekwenda Nairobi kutafuta vipuri. Sidanganyi na wala sisemi kweli. Ni lile neno lenyewe ambalo halitoki. Nimelijaribu nikiwa peke yangu, nikiwa na pini mdomoni, na nikiwa bila pini. Linafika kooni linakaa hapo.

Mambo mengine yamebadilika kidogo. Maitu ameweka kuku chumbani mwako. Najua ungepiga kelele, lakini mvua ya mwaka huu imekataa kuisha, banda lao lilijaa maji, na chumba kilikuwa kitupu. Yule kinyozi jirani yetu amehamia upande wa stesheni. Njia ya kutoka sokoni ni tope tupu, na wateja wangu wanafika wamebeba viatu mkononi. Ribboni za mazishi yako nilizikata mimi. Kamati ilitaka kununua, nikasema fundi yuko nyumbani kwa nini tununue, nikakaa nikakata na kutia pini hadi zikatosha kanisa zima. Kila mtu alisema zimetoka vizuri. Nami niliona zimetoka vizuri.

Kibanda sijakifunga. Hili ndilo nililotaka kukuandikia.

Upande wangu ni ule ule, cherehani na meza. Upande wako ni ule ule, TV, mabenchi, na ile mashine ya gemu uliyoifunga kwa mpira wa baiskeli isifunguke. Pazia kati yetu lipo. Miaka yote ile, Mwaura, nilikaa upande mmoja wa pazia nikisikia gemu moja, na sikuwahi kuitazama. Hilo watu hawaamini. Wanadhani nilikuwa nachungulia. Ningechungulia saa ngapi, na kazi ilivyokuwa nyingi? Lakini masikio hayafungwi. Nilijua kila mlima wa nchi ile ya gemu, kila adui, jina la kila mlinzi wa lango. Nilijua kuliko hao waliokuwa wakicheza, maana wao walikuwa wamekazana kubonyeza vidude, mimi nilikuwa nimekazana kusikia.

Ilianza kwa sababu ya yale maandishi. Kaseti ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kijapani, na kila hatua ikiisha, TV inajaa herufi zile kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Watu wakauliza, "Hapo imesema nini?" Mtu mwingine angesema sijui. Wewe ulikuwa umefanya kibarua na wajenzi wa barabara wa kutoka Japani mwezi mmoja, ukarudi na salamu mbili na kofia, na hiyo ikakutosha. Ukasimama kando ya TV, ukakohoa, ukaanza, "Imesema hivi." Tangu siku hiyo watu wakakuita Redio. Wengine walikuwa hawachezi kabisa. Walikuja kusikia imesema nini.

Wasafiri walikuwa wawili. Yule mfupi ulimwita Kamau Mfupi, na hapo hukuumiza kichwa. Mwenzake, mwenye kitambaa chekundu kichwani, ulimwita Njata, yaani nyota. Njata alikuwa binti wa muuza chumvi. Alishika upanga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uliungua akiwa mdogo alipookoa mbuzi wa shangazi yake. Alikuwa na mdomo mchafu na roho safi. Farasi wakitokea ulikuwa unaniita kupitia pazia, "Cera, lete farasi!" nami nakanyaga cherehani tupu, kwa kasi, ilie kama kwato, na mabenchi yote yanashangilia. Siku nyingine nilikuwa na hasira na wewe nikakataa kuwaleta, ukawaambia farasi wamegoma kwa sababu ya mishahara. Walicheka hadi mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Halafu ukamuua Njata.

Walipofika Daraja la Mvuke walikuwa wawili. Hatua iliyofuata, Kamau Mfupi alitokea peke yake. Watu wakauliza, "Njata ako wapi?" Ukakohoa mara mbili, jambo ambalo kwako lilikuwa nadra. Kisha ukasema imesema hivi: daraja lilikatika kamba, Njata akaishika ile kamba kwa mkono wake wa kushoto mpaka Mfupi akavuka, na alipovuka, mkono ukachoka. Hukuongeza kitu. Mimi upande wangu niliacha kushona. Sikupenda gemu yako, lakini niliacha kushona.

Yule aliyeumia zaidi ni Idi. Mzee mzima, muuza viatu vya mitumba kutoka Majengo ya Thika, mwenye watoto wanaoenda shule, alikuwa anapanda matatu kuja Ruiru kila Jumamosi kwa ajili ya Njata. Alikufuata mpaka nje, akakuambia, "Redio, wewe ndiye unayejua ile lugha. Angalia tena. Pengine hukusoma vizuri." Ukamwambia umesoma vizuri. Akarudi wiki iliyofuata kukuomba tena. Ndipo ukasema ile ambayo wameishika mpaka leo: katika nchi ile aliyepita Daraja la Mvuke harudi, si kwa dawa, si kwa mganga, si kwa machozi. Jioni ile tukifunga nilikuuliza kwa nini usimrudishie mzee wa watu mtu wake, ilikuwa ni maneno tu. Ukasema, "Nikimrudisha huyu, Cera, hakuna mtu atamwogopea Mfupi tena. Watakaa tu hapo wakitafuna njugu."

Idi alichofanya ni kwenda Chania, kwenye maporomoko, kwa sababu ulikuwa umewahi kusema Daraja la Mvuke ni kama pale, maji yakigonga mawe na mvuke ukipanda. Alivua viatu akasimama pale mbele ya watalii. Akawa anawapeleka na wenzake. Siku moja ulinipeleka na mimi, ukaninunulia soda, ukanionyesha jiwe. "Hapo," ukasema, kwa uso usiocheka. Nami nikaangalia jiwe kwa muda mrefu kama mjinga.

Kwa hivyo walikuja kukuzika. Sijui kama uliwaona. Walikodi pikapu kutoka Thika, na wa Ruiru wakapanda njiani. Pasta aliyeongoza mazishi alikuwa anaita makundi yasimame yajulikane: watu wa kanisa, watu wa chama cha Maitu, waliosoma nawe. Mwisho akaona kundi kubwa nyuma, Waislamu na Wakristo, wazee na vijana, na makanga wa matatu wawili watatu, akauliza, "Na nyinyi ni kikundi gani?" Wakaangaliana. Idi akavua kofia akasema, "Sisi ni watu wa Njata." Pasta aliandika. Nadhani alidhani ni dhehebu.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Idi alifika kibandani Jumamosi moja mvua ikinyesha, na kaseti mpya ndani ya mfuko wa plastiki, ameiweka kifuani kama kifaranga. Alikuwa ameipata Nairobi kwa mtu anayeuza vitu vya elektroniki. Hakuniambia chochote. Alipita upande wako, akaichomeka, akangoja picha itulie, kisha akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Cera, dada yangu, njoo. Wallahi njoo uone."

Nikavuka pazia. Nchi ilikuwa ile niliyokuwa nikiisikia, milima ile ile. Na katikati alikuwa amesimama msichana mwenye kitambaa chekundu.

Mwaura, nilikuwa simjui kwa sura. Unakumbuka nimekuambia sikuwahi kutazama? Alikuwa mkubwa kama kifungo cha koti. Rangi zake zilikuwa tatu. Pua hana. Nilisimama nikafikiria, huyu ndiye tuliyemlilia? Na Idi alikuwa analia, machozi yanaingia ndevuni, anasema, "Amerudi, alhamdulillahi, amerudi," na mimi nilikuwa nimeshika mkasi wangu, sihisi kitu chochote. Nilimwonea wivu. Mtu analilia kifungo, na mimi sijaweza.

Kabla ya wiki kuisha, Ruiru na Thika zilikuwa zimepata habari. Kwenye ukuta wa nje mtu akaandika kwa makaa NJATA HAI. Mwingine akaja akaandika chini yake UONGO. Na hapo ndipo Kinuthia alipoingia.

Kinuthia unamjua, yule kijana wa Kahawa Sukari anayesoma pale chuo kikuu, mrefu, mbishi, aliyekuwa anaketi benchi la mbele na kukurekebisha ukisahau jina la mlinzi wa lango. Aliitazama kaseti mpya mara moja tu akasema, "Huyu si Njata. Njata alikuwa mkono wa kushoto. Huyu anavuta upinde na wa kulia, na wa kulia uliungua. Hii kitu haiwezekani." Idi akasema mkono ulipona. Kinuthia akauliza ulipona lini, na kwa dawa gani, na Redio alisema lini. Idi akasema mwili haukuonekana, hakuna mtu aliyeuona mwili. Mwingine akasema huenda ni pacha wake. Kinuthia akasema muuza chumvi alikuwa na mtoto mmoja, Redio alisema wazi siku ile ya harusi ya lango la pili. Na alikuwa sawa, Mwaura, ulisema. Niliyasikia nikitia kola shati.

"Mtu akidedi kwa gemu ya Redio amededi," Kinuthia alikuwa anasema, akigonga benchi. "Hakuna kurudi-rudi. Ama tuseme Redio alikuwa anatubeba ufala?"

Idi naye, "Sikiliza, kijana. Redio alisoma kaseti ya kwanza. Hii ya pili hakuiona. Walioitengeneza wamemrudisha wenyewe. Wewe ni nani umkataze?"

Ukiwasikia ungedhani wanagombania shamba. Watu waliacha kusalimiana. Wa Thika wakikaa benchi la kulia, wa Ruiru wanakaa la kushoto. Kwenye viatu vya Idi pale Thika, mteja alikuwa anaulizwa kwanza yuko upande gani. Na wote, wakishachoka kugombana wao kwa wao, walikuwa wananigeukia mimi. "Cera, wewe ulikuwa dada yake. Wewe ulisikia yote. Redio angesema nini?"

Ningewajibu nini? Nilikuwa najua ungesema nini. Ungesema harudi. Lakini kila nikifungua mdomo niseme Njata alikufa, lile neno lilikuwa lile lile. Lilifika kooni likakaa. Nikawa nawaambia nina kazi.

Basi Kinuthia akapata dawa yake. Akasema chuoni kuna mwalimu, Mkenya, amesomea Japani miaka mingi, anasoma herufi zile kama wewe na mimi tunavyosoma gazeti. Atamleta Jumamosi. Asome kaseti zote mbili, ya zamani na mpya, mbele ya watu wote, na ugomvi uishe. Idi akakubali haraka. Kila mmoja alikuwa na hakika mwalimu atasema vile anavyosema yeye.

Mimi wiki hiyo sikufurahi. Hilo nilihisi, angalau. Nilijua hukuwa unajua kusoma zile herufi. Sikujua zimesema nini, ila nilikuwa nadhani ndani yake kuna hadithi fulani, na si yako. Pengine Njata hakuwa msichana. Pengine alikuwa mwizi, au alikimbia pale darajani akamwacha Mfupi. Atasimama mtu mwenye miwani aseme Redio aliwadanganya, na wewe hupo kusema, "Imesema hivi." Watu waliokuja kukuzika na pikapu watarudi makwao wakikucheka. Nilifikiria kuificha ile kaseti ya zamani. Nilifikiria kuivunja na kusema ni kuku walioivunja. Maitu aliniona nikiishika akaniuliza ni nini, nikamwambia ni kazi ya Mwaura. Akasema, "Basi iwache vile aliiwacha." Nikaiacha.

Jumamosi kibanda hakikutosha. Tulitoa pazia. Ndiyo, nililishusha mwenyewe ili watu wapate pa kusimama, na cherehani ikakaliwa na watu wawili wazito. Mwalimu alikuwa mtu mpole, sweta ya kijivu, viatu vyenye tope kama vya kila mtu. Alisalimia, akapewa kiti chako. Kinuthia akachomeka kaseti ya zamani. Wakacheza hadi hatua ya tatu, daraja likaja, likapita, na TV ikajaa njiti za kiberiti.

Waliokuwa wakitafuna njugu wakaacha. Hata mvua nje ilisikika.

Mwalimu alisogea karibu. Akasoma. Akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Akamwangalia Kinuthia, akaniangalia mimi, na nikaona hataki kusema.

"Imesema nini?" Idi akauliza.

"Imesema, hatua ya nne. Mchezaji mmoja."

"Na halafu?"

"Na halafu, bonyeza kuendelea."

Wakamwambia pengine kuna mengine. Wakamchezea hatua zote, na ile kaseti mpya pia, na kila mahali alisoma kwa sauti ile ile ya upole. Hatua ya pili, jihadhari na mawe. Umefaulu. Jaribu tena. Hakuna mlima wenye jina. Hakuna muuza chumvi. Hakuna mbuzi, hakuna harusi, hakuna lango lenye mlinzi. Yule mwenye kitambaa chekundu hakuitwa chochote, kwenye ya zamani wala kwenye mpya. Alikuwa ni mchezaji wa pili. Hatua ya nne ilikuwa ya mtu mmoja, basi mashine ikamwondoa.

Mimi mwenyewe nilishangaa, Mwaura. Nilidhani umepindisha hadithi ya watu. Kumbe hapakuwa na hadithi. Ulichukua "bonyeza kuendelea" ukamfanya mzee wa Majengo avue viatu mbele ya maporomoko.

Nilingoja wacheke. Nilingoja Kinuthia, ambaye alikuwa amekaa ameshika kichwa, aseme uliwabeba ufala. Hakuna aliyecheka. Idi ndiye aliyeongea, na alikuwa anaongea polepole kama mtu anayepanga viatu.

"Kwa hivyo yote yalitoka kwake."

Mwalimu akasema, "Naona hivyo, mzee."

"Kwa hivyo kama Njata amerudi ama hajarudi, hii mashine haijui."

"Haijui."

"Wewe pia hujui."

"Mimi pia sijui."

Idi akanigeukia. "Basi aulizwe mwenyewe," akasema. Nadhani yalimtoka tu, vile mtu husema, hakufikiria. "Anayejua ni Redio peke yake. Aulizwe Redio."

Nami nikamjibu kama ninavyojibu wateja wote, bila kufikiria, nimeshaanza kusema hayuko. Na kilichotoka hakikuwa hicho.

"Amekufa," nikasema.

Nilisikia sauti yangu ikilisema. Haikuwa kubwa. Watu wote waliniangalia, na walikuwa wanalijua, walikuzika, walivaa ribboni nilizokata. Nikalisema tena kwa sababu njia ilikuwa imefunguka. "Mwaura amekufa. Kichwa kilimuuma, tukampeleka hospitali, akafa. Hawezi kuulizwa." Kisha nikawaambia, "Na Njata alikufa. Mwaura alisema harudi. Si kwa dawa, si kwa mganga. Hayuko wa kuja kubadilisha, kwa hivyo imebaki hivyo. Huyu wa kitambaa ni mtu mwingine."

Idi akaangalia TV. Nilimwonea huruma, maana nilikuwa nimemzika mtu wake mara ya pili. Kisha akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, "Na huyu mwingine ni nani?"

"Sijui bado," nikamwambia.

Kinuthia akainua kichwa. "Anatumia mkono wa kulia," akasema. Hakuwa anabisha. Alikuwa ananisaidia.

Waliondoka bila kelele. Wa Thika na wa Ruiru walitoka pamoja, wakishikana mikono kuvuka lile tope. Mwalimu aliniomba radhi, nikamwambia hajakosa. Kinuthia alinisaidia kurudisha mabenchi, na pazia tuliliacha pale chini. Nilipobaki peke yangu niliketi kwenye kiti chako, nikalia. Nililia vibaya, Mwaura, kwa sauti, na kamasi, mpaka mama wa mboga akaja kusimama mlangoni. Kisha nikasikia njaa. Nilienda kwake nikala viazi vyake vyote vya kuchemsha vya siku ile, nikimwambia kila nikimeza, ndugu yangu amekufa, na yeye anasema, "Najua, mami, kula." Chumvi ilikuwa nyingi. Nilikuwa sijaonja chumvi tangu uende.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Asubuhi nyingi naamka bado nimekauka, naenda kazini, natia uzi kwenye sindano, na mchana unapita bila mimi. Lakini mteja akiuliza, namwambia. Natamka neno zima. Wengine wanashtuka. Wanakaa kidogo, wananiambia kitu ulichowahi kuwachekesha nacho, wanaenda.

Jumamosi wanakuja kunisikiliza. Nimeshamtazama yule msichana wa upinde mara kadhaa, nikiwa peke yangu. Ana namna ya kusimama kabla ya kuruka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nadhani anatoka mbali na hapo Mvuke, na hajawahi kumsikia Njata hata kwa jina. Sina sauti yako. Sijui kukohoa kabla ya kuanza. Idi amesema ataketi mbele, nikikwama aniulize swali.

Pumzika sasa. Maitu anakusalimu, hajui nakuandikia, lakini anakusalimu kila siku, kwa hivyo salamu ni zake. Mimi nakuahidi hivi. Nitawasimulia mengi, nitawadanganya, nitaua nikilazimika. Lakini wewe sitakurudisha. Hata wakinililia, hata nikijililia mwenyewe, sitasema yuko mahali, sitasema labda, sitakutafutia pacha. Ulikuwa mmoja na umekufa, ndugu yangu, na nitawaacha wakulilie hivyo hivyo, bila njugu.

Dadako,
Wacera